Mwalimu Aliyeacha Kunishuku

Mashaka yetu yalianza na chura.

Nilimweka mwenyewe ndani ya boksi la chaki, Jumatatu asubuhi, kabla ya kipindi cha kemia. Alikuwa chura wa heshima, mnene, mwenye sura ya diwani aliyeshiba. Nilikuwa na haki ya kutarajia makubwa. Profe Liduvina Sanabria, mwalimu wetu wa kemia na mlezi wa bweni la wasichana, alikuwa na pua ya kunusa uovu kupitia ukuta. Mwaka uliotangulia nilipoziba kwa uzi mikono ya makoti ya wasichana wote wa mwaka wa mwisho, hakuuliza nani. Alivua kandambili, akanikimbiza nayo mpaka kijitoni, huku akiniita majina ya Kiguarani, lugha ya nyumbani kwetu Paraguay, ambayo bibi yangu huyatumia kwa nguruwe tu.

Asubuhi ile alifungua boksi. Akamwona chura. Akamshika kama mtu anavyoshika kifutio, akamweka dirishani, akachukua chaki, akaandika ubaoni: Asidi na besi.

Basi. Hakugeuka hata kunitazama.

"Amekuona?" Deisy, mwenzangu wa dawati, aliuliza kwa mnong'ono.

"Hajanitazama."

"We umekwisha. Anakupangia jambo."

Nilisubiri adhabu mpaka chakula cha jioni. Haikuja. Nimeadhibiwa kwa njia nyingi, na nasema kwa uzoefu: hakuna kinachotisha kama adhabu isiyokuja.

Mimi na Deisy tulikuwa Tume ya Usalama ya Bweni, chombo kilichoundwa na sisi na kuwajibika kwetu. Kilikaa saa ya kulala mchana, wakati shule yetu yote ya Potrero Jasy, walimu, ng'ombe na mbwa wao, imezimia kwa joto. Ajenda ya kikao ilikuwa moja: Profe Liduvina ana nini? Ushahidi ulikuwepo. Zamani alikuwa akipekua magodoro yetu kama askari wa mpakani. Sasa alipita katikati ya vitanda macho mbele. Zamani alikuwa akigonga ubao mpaka tuelewe. Sasa aliandika, akafuta, akaondoka. Mlezi mwenzake alikuwa ameacha kazi mwaka jana na hakuletwa mwingine. Tangu hapo Profe Liduvina alifundisha mchana na kulinda bweni usiku, peke yake, Jumapili zikiwemo.

"Labda anaumwa," Deisy alisema.

"Labda anapenda mtu."

"Profe Liduvina? Ampende nani, Karai Eligio?"

Tulicheka mpaka Tume ikakosa akidi. Karai Eligio, yaani Bwana Eligio kwa Kiguarani, alikuwa mkuu wetu wa shule, na mtu wa mwisho aliyempenda alikuwa farasi.

Kesho yake aliingia mwanamke mgeni.

Alikuja na gari dogo jeupe lililopakwa udongo mwekundu wa barabara yetu, akashuka na mkoba wa ngozi. Karai Eligio alimtambulisha mbele ya bendera. "Huyu ni Licenciada Perla Insfrán, mwanasaikolojia mwenye shahada, kutoka chuo kikuu huko Asunción, mji mkuu. Anachunguza uchovu wa kazini kwa walimu. Na ari ya kazi pia. Mpeni ushirikiano." Alilitamka neno ushirikiano kama mtu anayetangaza dawa ya minyoo.

Walimu walipiga makofi huku wakitazamana. Mwanzoni mwa mwaka wenye shule walikuwa wamesema fedha hazitoshi na huenda mwalimu mmoja akaondolewa. Hawakusema nani. Na sasa anakuja mtu mwenye mkoba kuuliza nani amechoka.

"Umeelewa?" nilimwambia Deisy. "Wanatafuta aliyechoka zaidi wamtupe."

Deisy alinishika mkono. Wote wawili tulimtazama Profe Liduvina. Alikuwa amesimama mwisho wa mstari, amefumba macho, amelala wima kama farasi.

Hakuwa na nyumba nyingine huyu mama. Chumba chake ni kile mwishoni mwa bweni letu, chenye pazia la maua. Wakimtoa, wanamtoa barabarani. Na mimi wananiacha na nani? Mtu wa kazi yangu anahitaji adui mwenye akili.

Wiki ile zamu ya kuponda majani ilikuwa yangu. Walimu wetu, saa ya mapumziko, hukaa kwenye baraza la jikoni na kunywa tereré. Tunaponda mnanaa na majani mengine kwenye kinu, tunayatia kwenye jagi la maji ya barafu, na Profe Wilfrido wa michezo anamimina kwenye pembe ya ng'ombe iliyojaa majani ya yerba. Pembe ni moja na mrija wa chuma ni mmoja. Unakunywa mpaka mrija ungurume, unarudisha, anammiminia anayefuata. Midomo yote hupita hapo, ya mkuu wa shule na ya mpishi.

Profe Wilfrido alijaza pembe, akainuka, akampelekea Licenciada kwa mikono miwili. "Karibu, mwana wa watu. Barafu ya leo imekubali."

"Asante, nina maji yangu," alisema. Akatoa chupa ya plastiki, akaenda kukaa meza ya mbali, peke yake.

Nilikuwa na mchi hewani. Sikuushusha.

"Ana kifua kikuu?" mwalimu wa historia aliuliza polepole.

"Hana," mpishi alijibu. "Anadhani sisi ndio tunacho."

"Si hivyo, jamani," Profe Wilfrido alisema huku akirudi kukaa. "Yule atatuandika majina. Anaona aibu kunywa nasi kwanza. Bado ana ubinadamu kidogo."

Kwa hiyo karatasi za maswali zilipogawiwa, kila mwalimu aende nazo chumbani kwake akajaze kwa siri, walifanya kama wanavyofanya kila kitu: walikaa mduara, pembe ikazunguka, wakajaza pamoja. Profe Wilfrido alisoma kwa sauti ya padri.

"'Nikisikia kengele ya asubuhi, mwili wangu unakataa.' Mara ngapi?"

"Kamwe!" walijibu wote.

"'Kazi yangu inanipa nguvu.'"

"Kila siku!"

"Muongo mkubwa wewe," mpishi alimwambia mwalimu wa historia. "Jana ulilala kwenye gunia la mihogo."

"Nilikuwa natafakari."

"'Ninafundisha huku sijali kama wanafunzi wanaelewa.'"

Profe Liduvina alikuwa na pembe mkononi, anaitazama ndani kama kisima.

"Kamwe," Profe Wilfrido alisema kwa niaba yake. Akachukua kalamu, akamwekea alama. "Mama, tujibu sawasawa. Tukijibu sawasawa hawana wa kumtoa."

Alikunywa. Hakubisha. Zamani Profe Liduvina angemnyang'anya kalamu na kumchapa nayo.

Swali la mwisho lilikuwa limechapwa nusu. "'Baada ya kazi, mimi huwa.' Limeishia hapo."

"Huwa nini?"

"Sijui. Huwa tu."

"Andika kila siku," mwalimu wa historia alishauri. "Kila siku haijawahi kumfunga mtu."

Tume nayo haikulala. Licenciada alipokuja kukaa nyuma ya darasa letu, tuliinua mikono wote, hata wale ambao mikono yao haijawahi kupita bega. Profe Liduvina alipoandika jibu ubaoni tulipiga makofi.

Aligeuka. "Nani kafa?"

"Hakuna, profe," nilisema. "Tunapenda asidi tu."

Nilingoja jicho lake, lile jembamba, la kunipima. Alirudi ubaoni. Nyuma yetu Licenciada aliandika kitu, akapigia mstari, na Deisy akanikanyaga mguu.

Karatasi zilikusanywa na Karai Eligio mwenyewe, "ili kumpunguzia mgeni kazi." Alijifungia nazo ofisini mchana mzima. Niliona miguu yake chini ya mlango, inatingishika kwa furaha. Sikulitilia maanani. Mashaka yangu yote nilikuwa nimeyaelekeza kwenye gari jeupe, na mtu ana macho mawili tu.

Wakati wa chakula cha jioni alisimama, akagonga glasi. "Nimepata habari njema. Shule hii haina mwalimu aliyechoka. Hata mmoja! Kwa hiyo sioni haja ya kuajiri mlezi wa pili. Profe Liduvina, mwenye ari kubwa namna hii, atachukua na bweni la watoto wa mwaka wa kwanza."

Profe Wilfrido alimeza chipa nzima, mkate wetu wa jibini, bila kutafuna.

"Sawa, Karai," alisema Profe Liduvina. Akaendelea kukata muhogo wake vipande vidogo, vidogo zaidi, mpaka ukawa uji. Hakula hata kimoja.

Siku iliyofuata, saa ya kulala mchana, aliniita chumbani kwake. Nilikwenda kwa furaha isiyofichika: hatimaye chura ananirudia! Nilikuta boksi la kadibodi mezani. Ndani mlikuwa na maisha yangu yote: manati, masharubu ya bandia, filimbi ya refa, unga wa kuwasha ngozi, buibui wa mpira.

"Chukua vyako, mwanangu."

"Profe, hivi ni vitu vya hatari."

"Najua. Nilivinyang'anya mimi."

"Hutaki kunihoji?"

"Nikuhoji nini?"

Kitandani palikuwa na sanduku la safari, limefunguliwa. Nguo zilikuwa zimepangwa nusu. Na alikuwa ameniita mwanangu. Mimi! Miaka yote alikuwa akiniita Janga: Janga njoo hapa, Janga toa hicho kilicho mdomoni. Nilitoka na boksi langu kifuani, na ninaapa halikuwa na uzito wowote.

Nilikwenda moja kwa moja chumba cha wageni. Deisy alikataa kuingia. Alibaki nje kama kikosi cha akiba. Licenciada alikuwa mezani, karatasi za walimu mbele yake, kipande cha chipa kimekauka pembeni.

"Nani amekutuma?" niliuliza. Nilikuwa nimekusudia sauti ya hakimu. Ilitoka ya kuku.

Alinitazama. "Wewe ni yule mpenda asidi."

"Ysapy Villasanti. Jibu swali."

"Chuo kikuu. Na wewe?"

"Bweni. Utampa Karai Eligio jina la aliyechoka?"

"Ameniuliza asubuhi ya leo. Nimemwambia hata ningelijua nisingelitaja. Karatasi hazina majina, na hakuruhusiwa hata kuzishika."

"Unaweza kuwa unadanganya."

"Naweza," alikubali, kama vile nimesema jambo la akili. "Keti. Nami nina mashaka yangu. Tazama. Walimu wote wana furaha sawasawa. Kamwe, kila siku, kamwe. Mpaka swali nililolichapa vibaya, lisilo na maana yoyote, wote wamejibu kila siku. Hapa nimejibiwa na mtu mmoja mwenye vichwa vingi."

"Walijaza kwenye tereré."

Alifunika uso kwa viganja. Nilidhani analia, alikuwa anacheka, lakini kicheko chenyewe hakikuwa na afya.

"Kwa nini ulikataa kunywa?" nilimuuliza. "We si mtu wa hapa hapa Paraguay?"

"Nimezaliwa Itapé. Nimekaa siku zote hizi nakitazama kile kibarafu koo linaniwasha. Lakini tunafundishwa tusifanye urafiki na tunaowachunguza. Watu wakikupenda wanajibu ili wakufurahishe."

"Na wakikuogopa?"

Alizitazama karatasi. "Wanajibu hivi."

Nilipiga hesabu. Kama ni mpelelezi, nikisema nimemuuza Profe Liduvina kwa mdomo wangu. Nisiposema, sanduku litajaa. Mwishowe sikutaja jina. Nilimsimulia habari za chura.

Aliweka kalamu chini. "Rudia hapo. Alimweka dirishani?"

"Kwa upole kabisa."

"Na zamani?"

"Zamani ningekuwa nimekimbizwa mpaka kijitoni. Angenitupia kandambili yake na mimi ningeangusha yangu nikikimbia. Ilikuwa ... tulikuwa tunaelewana."

Licenciada aliitikia kwa kichwa. "Kuna uchovu wa mwili, ukilala, unaisha. Huu ni mwingine. Mtu ametoa, ametoa, hakuna kinachorudi, sasa anaanza kuzima taa ndani yake ili ajibakishie kidogo. Anaacha kujali. Si kwamba hapendi. Kujali kunakula nguvu, na nguvu hana."

"Mimi nilikuwa taa?"

"Kubwa," alisema. "Yenye kelele."

"Na mtamtoa."

"Sikuja kumtafuta mtu, Ysapy. Natafuta kinachomla. Lakini mimi siwezi kuandika habari za chura aliyesimuliwa na mwanafunzi. Lazima waseme wenyewe, na hawatasema kwangu."

"Njoo kesho kwenye tereré," nilimwambia. "Acha chupa yako hapa."

Kesho yake alikuja mikono mitupu, akasimama ukingoni mwa baraza. Hakuna aliyesogea. Profe Wilfrido alishika jagi kama mtu anayelinda mtoto. Kwenye mduara desturi yetu ni kwamba mdogo akitaka kumimina, hanyimwi; basi nilimchukulia jagi mkononi kabla hajafikiri, nikajaza pembe, nikampa Licenciada.

Alikunywa mpaka mrija ukanguruma. Akafumba macho. "Nani ameponda majani haya?"

"Mimi."

"Umeyaponda kama mliwahi kugombana."

Mpishi alicheka kwanza, kisha wengine, bila kupenda. Mwalimu wa historia alisogea kidogo kwenye benchi, akamwachia nafasi ya nusu tako. Akakaa.

Alitoa zile karatasi. "Hizi si majibu. Hizi ni ukuta, na mimi ndiye niliyewafanya muujenge." Akainuka, akazitia kwenye tanuri la udongo la mpishi, chipa zikiwa ndani. Profe Wilfrido aliutazama moshi kwa mashaka, lakini ulikuwa moshi wa kweli. "Leo siandiki. Mwenye pembe aseme kitu kimoja ambacho angekitua chini kesho, kama angeruhusiwa. Wengine wanyamaze."

Pembe ikazunguka. Profe Wilfrido alisema angetua mikutano ya Jumamosi. Mwalimu wa historia alisema angetua kengele. Walikuwa bado wanapima maji kwa kidole.

Nilimpa Profe Liduvina. Aliishika. Hakunywa. Kushikilia pembe bila kunywa, huku wenzako wanangoja, hakuna anayefanya hivyo kwetu.

"Nataka kulala," alisema. "Usiku mmoja tu, bila sikio langu kukaa mlangoni." Akaiweka pembe magotini. "Juzijuzi nilimkuta chura kwenye boksi la chaki. Nilijua ni nani. Nani mwingine? Nikaona, nikimkimbiza itabidi nivue kandambili. Nikaona, itabidi niiname. Nikamwacha." Alinitazama, kwa mara ya kwanza tangu siku ile. "Hapo ndipo nilipoogopa. Nikasema, Liduvina, ondoka kabla hujaanza kuwachukia."

"Mama," Profe Wilfrido alisema. "Mbona hukutuambia?"

"Ulinijazia kamwe, Wilfrido."

Profe Wilfrido alivua kofia yake, akaigeuza geuza, akaivaa tena.

Karai Eligio alitokea wakati huo, amevutwa na harufu ya karatasi. Licenciada alimwambia mbele ya wote kwamba taarifa yake itasema shule ina nafasi moja yenye kazi ya watu watatu.

"Ya nani?" aliuliza haraka sana. Hapo ndipo Deisy, aliyejificha nyuma ya pipa, alipogundua nilichokuwa nimekwisha gundua: tulikuwa tumemshuku mtu asiyehusika.

"Haina jina, Karai. Ni nafasi. Akikaa hapo yeyote atachoka. Ukikaa wewe utachoka. Ukimtoa aliyepo, utachosha mwingine."

"Ajaribu Jumamosi moja," mpishi aliliambia sinia lake.

"Nitalinda mabweni yote mawili Jumatano," mwalimu wa historia alisema. Mwalimu wa hesabu akataka Ijumaa. Profe Wilfrido, ambaye kama mwanamume hakuruhusiwa bwenini, alichukua lango la Jumapili na maombi ya asubuhi, ingawa sala anazozijua ni za mpira wa miguu. Karai Eligio alitazama mduara mzima, akaona hakuna upande wa kutokea. Nikamjazia pembe. Akainywa akiwa amesimama, akasema atawaandikia wenye shule kuhusu mlezi wa pili. Tulimshuku, na tunaendelea kumshuku. Mlezi bado hajaja.

Sanduku lilibaki kitandani siku nyingi. Tume ililipitia kila mchana kupitia pazia la maua: limefunguliwa, limefungwa, limefunguliwa. Profe Liduvina alikuwa analala Jumatano na Ijumaa, usingizi mzito, mdomo wazi. Hakuna msichana aliyethubutu kukohoa. Mimi mwenyewe, aibu yangu hii, nilitembea kwa vidole.

Kisha Jumatatu moja sanduku halikuwepo juu ya kitanda wala chini yake, na pazia lilikuwa limefuliwa. Nilikwenda kijitoni. Yule chura diwani alikuwa palepale.

Profe Liduvina aliingia darasani, akafungua boksi la chaki. Akatazama ndani. Akalifunga taratibu. Aligeuka, na macho yake yakapita kwenye madawati, moja baada ya jingine, bila haraka, mpaka yakafika kwangu. Hapo yakawa membamba.

"Janga," alisema.

"Sikufanya kitu, profe."

"Sijasema umefanya."

Aliinama. Niliona mkono ukienda kwenye kandambili. Niliruka dirisha na kukimbia kuelekea kijitoni, na nyuma yangu, Mungu amjalie umri mrefu, nilisikia majina yote ya nguruwe.